Jirani Uliyeniachia

Goreti mwanangu,

Mama yako ameshakuambia habari za sweta, za wezi wa simu, na za kutokula nyama ya barabarani pale basi linaposimama. Amekuambia mara nyingi, na kesho stendi atakuambia tena. Hapo sina la kuongeza. Jua halijazama bado. Yeye yuko jikoni anakukaangia ndagala, wale dagaa wa ziwani, za safari, wewe uko mjini unaagana na wenzako wa kituo cha afya, na mimi nimekaa barazani na karatasi kwa sababu jana mezani uliniuliza swali nikashindwa kulijibu. Baba yako, ambaye Rumonge nzima inasema hajawahi kukosa jibu, alinyanyuka akaenda kunawa mikono aliyokuwa ameshainawa.

Uliniuliza: "Baba, nikiondoka, utakwenda kukaa na Mzee Libori?"

Hukusema kumtembelea jirani huyo mgonjwa wala kumjulia hali. Ulisema kukaa naye, na ulijua vizuri unamwuliza nani. Barua hii ndiyo jibu, ila ninapoianza sijui jibu lenyewe ni lipi. Nivumilie.

Kwanza tumalize ugomvi wetu. Ulipoleta habari kwamba umepata nafasi Kampala, kusomea namna ya kuwasindikiza wanaokufa na kuwashika mkono waliofiwa, nilikucheka mbele ya wageni. Nilisema, "Sasa hata kulia kuna diploma?" Wageni wakacheka, nami nikapata moto. Nikasema nchi hii imezika watu wengi mno kuhitaji mwalimu wa msiba. Nikasema miaka ya vita walikuja watu wa misaada na magari meupe wakamwuliza shangazi yako, aliyekuwa amepoteza mume na watoto, huzuni yake ni ngapi kati ya moja na kumi, naye kwa kukosa la kuwajibu akawauliza kama wamekula. Hayo yote ni kweli na sifuti hata neno.

Wewe ulingoja wageni waondoke. Ukaniambia, "Baba, wale unajua kuwapinga. Na sisi je? Sisi tunafanyaje?"

Nikasema sisi tunakaa pamoja, tunakesha, tunachanga, tunapika.

"Hiyo ni baada ya mtu kufa," ukasema. "Na kabla? Nani anakaa na mgonjwa mwenyewe?"

Nikasema nina madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

Ulikuwa na haki, na mpaka leo inaniudhi. Kuzika tunajua. Siku zile za kabla ndizo hatuzijui. Mgonjwa akirudishwa kutoka Bujumbura bila matumaini, nyumba nzima inageuka mchezo wa kuigiza. Daktari anamnong'oneza kaka mkubwa koridoni. Kaka mkubwa anamnong'oneza mke. Mke anaonywa asimwambie mgonjwa. Mgonjwa anajua, mwili si wake? Lakini anaona jinsi watu walivyochoka kwa kuficha, basi naye anaanza kuwaficha kwamba anajua. Wageni wanaingia, wanasema utapona, kisha wanamgeukia mke na kuongea bei ya mawese juu ya kitanda chake, kama vile yeye ni mto au shuka. Mtu anakufa peke yake katika chumba kilichojaa watu, na sisi tunaita hiyo heshima. Mimi naiita woga. Naiita hivyo kwa ujasiri kwa sababu nilikuwa msemaji wake mkuu.

Unajua ninavyoitwa kwenye ikiriyo, zile siku za matanga ambapo watu wanakaa nyumbani kwa wafiwa na kila upande unamtoa mtu wake wa kusema. Familia ikitaka maneno yatakayokumbukwa, inanituma mimi. Sidhani nimewahi kukusimulia ya Mama Evelina. Kijana wake alikufa njiani kwenda Bujumbura, hawajafika hata Kabezi, ndani ya taksi waliyoikodi kwa sababu gari la wagonjwa halikuwa na mafuta. Nilisimama pale uani nikasema. Nilisema juu ya mafuta, juu ya barabara, juu ya wakubwa wanaotibiwa ng'ambo na kutuachia sisi taksi. Watu walipiga makofi, Goreti. Makofi, matangani! Katikati ya hotuba Mama Evelina alinyanyuka akaenda nyuma ya nyumba kuosha masufuria. Nilidhani uchungu umemzidi.

Tulipokuwa tunarudi, mama yako akaniambia, "Umesema vizuri sana. Ila yule mama alitaka mtu amtaje mwanawe kwa jina. Hukumtaja hata mara moja."

Nikamjibu kwamba nilikuwa nazungumzia jambo kubwa zaidi.

"Kwake hakuna," akasema.

Nilibishana naye mpaka mlangoni. Sikumbuki nilisema nini, nakumbuka tu kwamba nilishinda.

Sasa Libori. Wewe unamjua kwa namna yako. Ngoja nikuambie ninavyomjua mimi, ili uone uliniomba nini.

Babu yako alipokimbilia Tanzania, michikichi ya upande huu wote mpaka kijitoni ilikuwa yake. Libori alipewa shamba hilo na serikali akiwa kijana asiye na kitu, na aliambiwa halina mwenyewe. Mimi nilizaliwa kambini. Nilikua nikiijua kwa mdomo wa baba yangu michikichi ambayo macho yangu hayajaiona: huu uliinama, huu ulipigwa na radi, huu ndio mama alijifungulia mtoto wa kwanza karibu yake. Tuliporudi, nilimkuta Libori ameketi mbele ya nyumba aliyoijenga pale pale ilipokuwa yetu. Alinitolea kiti. Nikabaki nimesimama.

Wakaja wa tume ya ardhi, wakagawa nusu kwa nusu, wakapanda minyaa katikati. Wengi waliogawiwa hivyo walinung'unika, kisha wakazoea. Mimi sikuzoea. Nilikata rufaa, nikashindwa, nikaandika magazetini, nikasema redioni. Yeye akaniita Mutanzania, mimi nikamwita Mpangaji, na hizo ndizo zilikuwa salamu zetu za asubuhi juu ya minyaa. Na nikuambie jambo ambalo pengine umeshalihisi: alipougua tumbo, nilianza kujiandaa kufungua kesi upya. Niliwaza kwamba akiondoka, mke wake, Mama Skola, hatakuwa na nguvu za kusimama mbele ya hakimu, na watoto wao wako mbali. Niliwaza hivyo mchana kweupe, nikinywa chai, bila aibu. Niliiita haki. Na ni haki! Hapo ndipo ninapopata taabu, maana ingekuwa dhuluma tupu ningeshaiacha.

Wewe wakati huo ulikuwa unavuka kwenda kwao. Mwanzoni ulimpelekea ile dawa ya maji ya kutuliza maumivu. Kisha ukawa unachelewa kurudi. Nilikuuliza mnaongea nini. Ukanijibu, "Anachoniambia si changu, Baba." Nilinuna. Mtoto wangu mwenyewe, ndani ya nyumba ya mshitakiwa wangu, anamtunzia siri!

Leo mchana, ulipokwenda mjini, nilizunguka njiani nikaenda kwa Libori. Mama Skola alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Aliponiona, ungo ulishuka.

"Amahoro, Mwalimu. Iko nini tena? Umeleta karatasi?"

"Sina karatasi, mama. Nimekuja kumwona mzee."

"Kumuona, ama kuangalia kama bado anapumua?"

Hakuwa amekosea sana.

Ndani kulikuwa na akina mama wa kanisani kwao. Libori amekwisha, Goreti. Wewe umemwona kila siku, umestuka pole pole, si kama mimi niliyestuka kwa mara moja. Mikono ile iliyokuwa inapanda michikichi kama ngazi imebaki mishipa. Na unajua neno la kwanza lililonitoka? Mimi, adui wa uongo? Nilisema, "Mzee, naona una nafuu."

Akafungua jicho moja. "Weye Mutanzania. Hata weye?"

"Hata mimi nini?"

"Hata weye unanidanganya? Watu wote wanakuja hapa wananisemesha kama mutoto. Nilikuwa nangoja weye, uje unitukane kidogo."

Mama mmoja akasema, "Mzee Libori, usiseme vile, utapona."

"Mama, miye niko mugonjwa. Siko kiziwi, na siko mupumbavu."

Akina mama waliaga. Nikabaki mimi, na kiti. Nilikaa. Nikajaribu kufanya kama nilivyokuona ukifanya siku moja nilipochungulia juu ya minyaa: mikono mapajani, mdomo umefungwa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Maneno yalinijaa kooni kama abiria mlangoni. Goti langu likaanza kucheza lenyewe.

"Acha kutikisa kitanda changu," akasema.

Nikaacha. Likaanza tena. Akaangalia dari, halafu akasema, taratibu kabisa, kwamba babu yako alipanda michikichi yake karibu karibu mno, na kwamba yeye, Libori, amehangaika maisha yake yote na makosa ya mtu ambaye hakujua kupanda.

Nililipuka. Nilimwambia baba yangu alipanda wakati yeye Libori hajui hata kufunga mkanda wa kupandia. Akasema mkanda wenyewe waliufundishwa na Wakongo. Nikasema na yeye basi alifundishwa na nani, na nyani? Akacheka mpaka kikohozi kikamshika, Mama Skola akaingia mbio ananipigia kelele kwamba namuulia mume. Libori akamwashiria kwa kidole anyamaze. Alikuwa na machozi ya kucheka. Nilimshikia kikombe cha maji akanywa.

Ndipo akaniuliza, na sauti yake haikuwa na mchezo tena: "Nikishakufa, utamufukuza Mama Skola?"

Mama Skola alikuwa bado amesimama mlangoni.

Nikaelewa. Hicho ndicho ulichokuwa unakitunza. Miezi yote hii kitu kilichomnyima usingizi mzee yule, kuliko tumbo lake, kilikuwa mimi. Alikuambia wewe, binti yangu, na wewe ukarudi nyumbani ukakaa mezani pamoja nami, ukanipakulia wali, ukanisikiliza nikisoma barua za mwanasheria wangu kwa sauti, bila kusema. Kwa dakika moja nilikukasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia yeye. Kisha nikafikiri: ungeniambia, ningefanyaje? Ningekwenda kule na hotuba. Ningemsamehe kwa sauti kubwa, mbele ya majirani, lingekuwa tendo langu jema, na yeye angekufa akiwa na deni la shukrani juu ya kifua. Wewe uliniomba nikae tu. Ulitaka aniulize mwenyewe.

Na nilifanya nini? Nilisema, "Nitarudi." Nikatoka. Nilikimbia, Goreti. Sikujibu ndiyo, sikujibu hapana.

Tangu hapo sijatulia. Nimezunguka shamba mpaka mama yako akaniuliza kama nimepoteza ufunguo. Nilikuwa nabishana na babu yako. Yeye alikufa kambini, hilo unalijua. Ambalo hulijui ni kwamba siku za mwisho alikuwa ananiuliza swali moja: "Nitaiona tena michikichi yangu?" Mimi nilikuwa kijana, nimesoma kila kitabu kilichofika kambini, najua sheria za wakimbizi, najua mikataba. Nilimweleza mikataba. Aliponiuliza tena nikamwambia utapona, Baba, utaiona. Akaacha kuniuliza. Nilifurahi kwamba nimemtuliza. Leo, nikizunguka kati ya miti yake, nimejua kwamba hakutulia. Aliona tu kwamba mimi si mtu wa kuulizwa.

Kwa hiyo nimemwuliza leo yeye: nikimwacha Mama Skola abaki pale, nitakuwa nimekusaliti? Wafu hawajibu, na vitabu vyote nilivyosoma juu ya kifo viliandikwa na watu waliokuwa hai.

Kule Kampala watakupa maneno na utaratibu. Yachukue, utayahitaji siku ambazo moyo umechoka. Lakini kuna kitu kimoja ninachokiogopa katika kazi yako na nitakisema, hata ukikasirika. Ninaogopa watu wanaogeuza huruma kuwa mahali pa kuikwepa haki. Watakufia mikononi waliodhulumiwa, na watakufia waliodhulumu, na wengine kama Libori ambao hawakuchagua ila walikalia ardhi ya wengine. Wote utatakiwa kuwashika mkono. Sijui mtu anafanyaje hivyo bila kuwa mwongo. Nimekuwa nikikuangalia ukifanya, na sikukuona ukidanganya. Nieleze siku moja. Sitakukatiza, au nitajaribu.

Nimeiacha barua hapo, nimetoka, na sasa nimerudi. Mama yako aliniona navaa viatu.

"Unakwenda wapi, na chakula kiko tayari?"

"Kwa Mpangaji."

"Kugombana?"

"Sijui."

"Basi badilisha shati. Kwa shati hilo huwezi kugombana na mtu ukamshinda."

Nikabadilisha. Nilipoingia, Libori alikuwa amegeuzwa upande, Mama Skola anampangusa mgongo. Sikukaa. Niliogopa nikikaa nitaanza kutafuta utangulizi. Nilisema, "Mama Skola hatafukuzwa. Nyumba na nusu yenu ni vyake maisha yake yote. Sitafungua kesi."

Mama Skola aliacha kitambaa mgongoni pa mumewe. Akakaa chini, sakafuni. Libori akafumba macho. Nikangoja. Nadhani nilikuwa nangoja asante, sina sababu ya kukuficha.

Akasema, "Na michikichi ya kijitoni?"

"Ya kijitoni ni yangu!"

"Umesema nusu yetu. Kijitoni iko kwa nusu yetu."

"Mwizi weye mpaka mwisho!"

"Na weye Mutanzania mpaka mwisho."

Hatukukubaliana juu ya kijitoni, na sidhani tutakubaliana. Lakini alipochoka alinishika kiganja cha mkono, si kwa upendo, alinishika kama mtu anayemzuia mwizi asikimbie. "Maneno yako miye nayajua, Mwalimu. Asubuhi unasema hivi, jioni unakwenda kwa redio. Niletee mushahidi."

"Nitamwita shefu wa kilima, mkubwa wa hapa kwetu, aje na muhuri wake."

"Yule simutaki. Yule anasema na kila mutu. Niletee mutoto."

"Mtoto gani?"

"Wako. Yule anajua kusikia."

Nikamwambia unaondoka kesho asubuhi.

"Apite hapa kwanza," akasema. "Mupaka kesho nitajikaza."

Ndiyo sababu barua hii utaikuta juu ya begi lako ukirudi kutoka mjini, badala ya kuifungua ndani ya basi kama nilivyokuwa nimepanga. Mama yako atatangulia stendi na mizigo. Mimi na wewe tutapita kwa Libori. Sitaki unitetee, sitaki unifundishe la kusema. Nikianza hotuba, nikanyage mguu. Simama mahali anapoweza kukuona, mimi niseme, na yeye aone kwamba umesikia. Najua utaniambia kazi yako si kuwa shahidi wa mashamba. Bishana na mimi njiani, ila uje.

Baada ya hapo utapanda basi, na mimi nitarudi kwenye kile kiti. Nitakwenda kesho mchana, na keshokutwa, mpaka itakapokwisha. Kisha nitakaa na Mama Skola, ambaye hanipendi na hana sababu ya kunipenda. Siku za ikiriyo wakinipa nafasi ya kusema, nitasema jina la Libori na la baba yake, na kwamba alijua kupanda miti mirefu, nikae chini.

Basi la kwanza likituacha, tutangoja la pili. Nimeshamwambia Mama Skola. Amesema tangu alfajiri mlango utakuwa wazi.

Baba yako